Kompyuta ya mezani ikigoma: dhana zinazofanya vipuri vizima vitupwe

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, hukumu hutoka haraka: ubao mama, lile bamba ambalo vipuri vyote huchomekwa, umeungua, tafuta mwingine. Hukumu hiyo huwatoa watu pesa bure, kwa sababu ubao mama unafaa kuwa kipuri cha mwisho kushukiwa. Nyumbani huna namna ya kuupima moja kwa moja. Unaufikia baada ya kuviondolea lawama vingine vyote, kimoja kimoja. Dhana nitakazozitaja hapa husikika kila mahali, na ndizo zinazofanya kipuri kizima kitupwe huku kibovu kikibaki ndani ya kasha.

"Feni inazunguka na taa inawaka, kwa hiyo pawa saplai ni nzima"

Hii ndiyo inayopoteza watu kuliko zote. Pawa saplai, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kompyuta, haitoi umeme wa aina moja. Inatoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, na zaidi ya hizo kuna volti 5 za akiba ambazo zipo muda wote waya ukiwa umechomekwa ukutani, hata mashine ikiwa imezimwa. Ile taa ndogo inayowaka juu ya ubao mama kabla hujabonyeza swichi inalishwa na hizo za akiba tu. Haikuambii lolote kuhusu volti 12, na volti 12 ndizo zinazobeba kazi nzito ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya picha (inayotengeneza picha za kioo).

Feni nayo ni shahidi dhaifu. Imetengenezwa kwa volti 12, lakini nyingi huzunguka hata umeme ukishuka hadi volti 9, wakati kompyuta yenyewe haiwezi tena kufanya kazi. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5 juu au chini: volti 12 zisishuke chini ya 11.4, volti 5 zisishuke chini ya 4.75. Ukiwa na mita ya kupimia volti, pima mashine ikiwa inafanya kazi. Kwenye pawa saplai zenye waya za rangi, njano ni volti 12, nyekundu ni 5 na nyeusi ndiyo hasi. Ule ujanja wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili pawa saplai iwake nje ya kasha unathibitisha kwamba inaweza kuwaka bila mzigo, basi. Iliyochoka huanguka pale inapobebeshwa: unafungua mchezo mzito, kadi ya picha inadai umeme, na papo hapo mashine inazima au inajiwasha upya bila onyo.

Angalia pia plagi ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Ikiwa imelegea au ilisahauliwa wakati wa kufunga, feni zote zitazunguka na hakuna picha itakayotokea. Na kwenye pawa saplai za zamani kuna swichi nyekundu kwa nyuma, yenye namba 115 na 230. Ikiwekwa 115 mahali penye umeme wa volti 230, pawa saplai inalipuka mara tu ikipewa umeme. Hiyo ni ya kuangalia kabla ya kuchomeka, hasa kwa mashine iliyonunuliwa mkononi.

"Kioo kikiwa cheusi, kadi ya picha imekufa"

Anza na waya wa monita. Kompyuta yenye kadi ya picha ya kuchomeka ina matundu ya picha sehemu mbili, kwenye ubao mama na kwenye kadi. Waya unatakiwa uende kwenye kadi. Watu hulikosa hili kila siku, hasa baada ya kuhamisha meza.

Kisha RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda. Hapa usiwe na haraka. Zima, chomoa waya ukutani, halafu shikilia swichi ya kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi, umeme tuli ulio mwilini mwako upate pa kwenda. Fungua vibano, toa RAM zote, tazama meno yake ya rangi ya dhahabu chini ya mwanga. Yakiwa na ukungu au uchafu, yafute taratibu kwa kitambaa safi kilicholowa spiriti kidogo, uache yakauke kabisa. Rudisha moja tu, ukibonyeza pande zote mbili mpaka usikie kibano kikilia. Washa. Haikuwaka? Ihamishie tundu jingine, kisha jaribu nyingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mashine ikapona, hutajua kilichokuwa kibaya, na ugonjwa ukirudi utaanza upya.

Kama ubao mama una spika ndogo, sikiliza milio. Maana yake hutegemea mtengenezaji wa BIOS, programu ya ubao mama inayoanza kazi kwanza ukiwasha, kwa hiyo orodha ya mashine ya rafiki yako huenda isifae kwa yako. Kwa BIOS za Award, mlio mmoja mfupi maana yake ukaguzi umepita salama, ilhali mmoja mrefu na miwili mifupi huelekeza kwenye kadi ya picha. Na kwa mashine mpya zenye RAM za DDR5, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, kwa sababu ubao mama unazipima. Iache imalize. Ukiizima katikati, itaanza tena mwanzo.

"Ikiwa nzito, piga Windows upya"

Kupiga Windows upya husaidia pale tatizo likiwa ni programu. Tatizo likiwa hadidiski inayokufa, ushauri huu unaweza kukunyang'anya picha za watoto na kazi za miaka. Mashine inayoganda kila unapofungua faili, inayochukua muda mrefu kuwaka, au inayotoa sauti ya kugonga kutoka ndani ya kasha, ikaguliwe diski kwanza. Diski zina mfumo wa kujipima uitwao SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inausoma. Tazama sehemu mbaya zilizokwisha kubadilishwa na zile zinazosubiri uamuzi. Namba hizo zikiwa zinapanda, nakili vitu vyako siku hiyo hiyo, kabla ya kufomati, kabla ya kutafuta virusi, kabla ya chochote.

Na diski isiwekwe kwenye friza. Wapo wanaoapa kwamba inafufuka. Baridi huleta unyevu, unyevu unatua juu ya sahani za ndani ya diski ambazo kichwa cha kusomea hupita kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, na kilichokuwa kinaweza kuokolewa na mtaalamu kinaharibika moja kwa moja.

Saa na tarehe zinazorudi nyuma kila ukiwasha si virusi. Ni betri ya duara ya volti 3 juu ya ubao mama, kwa kawaida CR2032, na unaibadilisha mwenyewe kwa dakika chache. Tarehe ikikosewa, hata tovuti nyingi zitakataa kufunguka, ndipo watu hudhani intaneti imeharibika.

"Joto likizidi, acha kasha wazi na paka pesti nyingi"

Kasha limepangwa ili hewa iingie mbele na kutokea nyuma. Ukiliacha wazi, mkondo huo unaweza kuvurugika na vumbi likaingia zaidi. Pesti ya kupitisha joto kazi yake ni kujaza vijinafasi vidogo kati ya prosesa na chuma cha kuipooza. Tone la ukubwa wa punje ya njegere linatosha, na likizidi hufurika pembeni bila faida. Unapopuliza vumbi, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke kwa kasi ya upepo.

"Nimeshachomoa waya, naweza kufungua chochote"

Karibu chochote. Pawa saplai usiifungue. Ndani yake kuna kapasita ambazo, kwa umeme wa volti 230, huhifadhi volti zipatazo 325 au zaidi, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Mafundi wamepigwa vibaya na pawa saplai iliyokuwa mezani, haijaunganishwa popote. Vipuri vingine ndani ya kasha vinatumia volti 12 kushuka chini, unaweza kuvishika na kuvijaribu kwa utulivu. Pawa saplai ikiharibika, toa skrubu zake nne kwa nyuma, chomoa plagi zake zote, weka nyingine nzima.