Kumtumia mzigo mpenzi mwanajeshi: wanavyosema watu na ilivyo

Mimi nipo Dodoma, mwenzangu ni askari wa JWTZ, mwaka wa tatu huu na muda mwingi tumeishi kwa simu na maboksi ya kwenye basi. Kila nikienda stendi ya Nanenane na boksi langu lazima mtu anipe somo, na mengi ya hayo masomo ni uongo mtupu.

La kwanza, "unamlisha mwanaume, kambini wana njaa". Jamani askari anakula! Kambini kuna bwalo, na hata walioko kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa wanapewa mgao wao wa chakula. Hajawahi kuniomba unga hata siku moja, anachokosa ni ladha ya nyumbani. Mara ya kwanza nilimtumia zabibu mbichi, ilikuwa mwezi wa pili msimu umekolea, nikajaza kilo tatu kwenye boksi la kawaida na juu yake soksi mpya na barua ya kurasa mbili, basi na lile jua njia nzima zikafika zimeshakuwa juisi, soksi zambarau, barua haisomeki kitu isipokuwa jina langu pale chini. Akaipiga picha akanitumia, nikatamani ardhi inimeze. Siku hizi ni zabibu kavu, karanga za kukaanga na mlenda mkavu uliotwangwa, kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, halafu selotepu mara mbili. Mlenda wenzie walimcheka ati anatumiwa majani, mzigo uliofuata akaniambia weka kopo mbili maana la kwanza walimmalizia.

Kuna na hii kwamba vifurushi ni mambo ya kuiga wazungu wanaotumia wanajeshi wao. Vile vifurushi vya CARE, shirika la misaada la Wamarekani lililoanza 1945, vilikuwa kinyume kabisa: chakula cha jeshi kilichobaki baada ya vita ndio kilipelekwa kwa raia wenye njaa Ulaya, maboksi ya kwanza yakashushwa Le Havre, Ufaransa, Mei 1946. Na bibi zetu walikuwa wanafunga kapu la safari kabla ya hapo.

Inayoniudhi zaidi ni "akienda Kongo anarudi na madola, we tulia tu". Umoja wa Mataifa unairudishia serikali gharama za askari, mwaka 2018 kiwango kilipangwa dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari, watu wakasikia hiyo namba wakadhani inaingia mfukoni kwake. Inaenda kwa nchi, nchi nayo inamlipa kwa utaratibu wake. Hivyo ukiona shoga yako anahesabu gari kabla jamaa hajapanda ndege, mwambie apunguze spidi.

"Akinyamaza ana mwingine." Inawezekana, wanaume ni wanaume. Ila vijana wetu walienda Kongo 2013 kwenye kile kikosi cha Umoja wa Mataifa cha pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa wakauawa Watanzania 15. Huko mtu akikaa siku tano bila kupatikana sio lazima awe amelala kwa mwanamke. Mimi nilijifunza kutomuuliza uko wapi na unarudi lini, na picha zake za kombati haziendi status.

Sasa hii nitairefusha kidogo maana dada mmoja jirani yangu kule Nkuhungu imemkuta. Yeye alipata "afande" Mmarekani mtandaoni, yuko Syria, mjane, mtoto mmoja, anaandika good morning kila alfajiri. Baada ya mwezi akaombwa hela ya fomu ya likizo. Hakuna jeshi linalomtoza mchumba wa askari hela ili askari apumzike! Akatuma. Halafu ikageuka, sasa eti yeye ndio katumiwa kifurushi, kina saa na dhahabu, kimekwama uwanja wa ndege, akapewa namba ya simu ya mtu alipie kodi. Dada yangu, kodi ya serikali inalipwa kwa control number, hailipwi kwenye namba ya Juma wa Mbagala. Nilimwomba apige naye simu ya video, jamaa akasema kambini kamera ni marufuku, ila bando la kuomba hela anapata.

Ya mwisho, mama mmoja pale stendi alinihakikishia mwanaume aliyezoea mizigo yako lazima akuoe. Mwanajeshi haamki tu akaoa, kuna kibali cha kuomba kazini, na kwetu Chamwino kuna mzee anasubiri barua ya posa. Mpaka naandika hivi barua haijafika. Kopo la sita la mlenda limeondoka jana na basi la saa kumi na mbili.