Horus, Mithras na Yesu: maandishi ya kale yanasema nini?

Kila Krismasi na Pasaka zinapokaribia, video ile ile huanza tena kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar es Salaam. Inadai kwamba Horus, mungu wa Misri ya kale, alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, akawa na wanafunzi kumi na wawili, akasulubiwa na kufufuka siku ya tatu. Na Mithras, mungu aliyeabudiwa na Warumi, vivyo hivyo; ati habari za Yesu zimeigwa kutoka kwao. Vijana hutuletea sisi tunaofundisha historia ya dini. Wengine imewatikisa kweli imani yao, wengine wameshaitumia kumnyamazisha mtu kwenye mihadhara. Wote tunawauliza swali moja: andiko au mchongo wa zamani kabisa unaosema hivyo ni upi, na ni wa lini?

Tuanze na Horus, maana Wamisri waliacha ushahidi mwingi. Katika hekalu la farao Seti wa Kwanza huko Abydos, Misri, Isis, mama yake Horus, amechongwa kwa umbo la ndege juu ya mwili wa Osiris, mumewe aliyeuawa, na hapo ndipo mimba ya Horus inapotungwa. Plutarch, Mgiriki aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2, anaeleza jinsi mjane huyo alivyozunguka akitafuta viungo vya marehemu. Ni simulizi zito la mke na mume, bikira hayumo. Msalaba haumo, wala wanafunzi kumi na wawili. Osiris naye hakurudi kuishi na watu, bali alibaki kuwa mfalme wa wafu.

Mithras alitoka mwambani, tayari kijana, ameshika kisu na mwenge. Jina lake ni la kale sana huko Uajemi, lakini ibada yake ya Kirumi inaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 1, ilhali Paulo aliandika barua zake mapema zaidi, kwenye miaka ya 50. Katika michongo yake, Mithras ndiye anayemchinja fahali. Simulizi la kifo chake mwenyewe hatuna.

Orodha hizi za kufanana zilienezwa sana na Mmarekani Kersey Graves, aliyechapisha mwaka 1875 kitabu kuhusu waokozi kumi na sita waliosulubiwa. Madai mengi aliyaweka bila ushahidi wowote wa kale, na bado yananakiliwa hadi leo.

Lakini mhubiri anayesema hakuna kinachofanana hata kidogo naye anakosea. Karibu mwaka 150, Justin, Mkristo wa Roma, alilalamika kwamba wafuasi wa Mithras wana ibada yenye mkate na kikombe cha maji. Kufanana huko wakristo wenyewe walikuona. Sanamu ya mchungaji aliyebeba kondoo mabegani ilikuwepo kwa Wagiriki kabla ya wakristo kuichora makaburini Roma. Injili hazitaji tarehe ya kuzaliwa Yesu, na kalenda ya Roma ya mwaka 354 inaweka 25 Desemba sikukuu ya Jua Lisiloshindwa, mungu-jua wa Warumi, pamoja na kuzaliwa kwake Bethlehemu. Ipi ilitangulia, wanahistoria bado wanabishana, na ubishi huo ni wa haki kabisa.

Ila tarehe ya sikukuu ni jambo moja, na habari za kifo na ufufuo ni jambo jingine. Habari hizo zimejaa Uyahudi: Pasaka, Masihi, tumaini la wafu kuamka lililomo katika Danieli sura ya 12. Kuzielewa kunahitaji kusoma Agano la Kale kabla ya kukimbilia Misri.

Mwaka 2001 msomi wa Sweden, Tryggve Mettinger, alipinga wenzake waliosema hapakuwa na miungu ya kufa na kufufuka. Alitetea kwamba ilikuwepo, akimtaja Baali wa Wakanaani na Melqart, mungu wa mji wa Tiro. Hata hivyo, baada ya kupima ushahidi wote huo, hakuona dalili kwamba habari za kufa na kufufuka kwa Yesu zilitungwa kutokana nayo.