Laini mbili za intaneti si bomba moja kubwa

Hapa Kisumu nafungia watu netiwaki kwa saiba na hosteli, na swali naulizwa karibu kila wiki ni hili, ati nikiweka laini mbili za Mbps 20 si nitapata 40? Watu wanalipia wakiamini hivyo, halafu wanaona wameibiwa na laini ziko sawa kabisa, inaniuma sana.

Ukweli ni kwamba 40 iko, lakini ni ya watu wote pamoja, si ya faili moja. Raota inaangalia anwani ya anayetuma na ya anayepokea, mara nyingi na namba za poti pia (namba za kutofautisha programu na mawasiliano ya kompyuta moja), inapiga hesabu, na jibu ndilo linachagua laini. Mawasiliano yakishapangiwa laini yanabaki hapo hapo mpaka yaishe. Hosteli moja upande wa Maseno kijana alinionyesha laptopu yake, anadaunlodi faili moja, inasoma MB 2.4 kwa sekunde na haipandi. Nikamwambia hiyo ndiyo Mbps 20 yako, Mbps inahesabu biti na MB inahesabu baiti, baiti moja ni biti 8, gawanya kwa 8 uone. Jirani yake naye akaanza yake, raota ikamtupa laini ya pili, akapata 2.4 na ya huyu wa kwanza haikushuka. Walipomaliza yule kijana wa kwanza akapima spidi ikaandika karibu 40, akabaki ananiangalia tu, lakini kile kipimo kinafungua mawasiliano mengi kwa mpigo ndio maana yalitawanyika kote kote.

Sasa wengine wanasema basi gawa pakiti, vile vipande vidogo vya data, moja huku moja kule. Usifanye hivyo! Ni kama kutuma barua ya kurasa kumi na boda wawili, ukurasa wa 5 unafika kabla ya wa 2, mpokeaji anaanza kudai wa 2, na TCP ya kawaida (utaratibu unaohakikisha data inafika yote na kwa mpangilio) ikisikia dai lilelile limerudiwa mara 3 inadhani pakiti imepotea, inatuma tena na inapunguza mwendo. Ndio maana hata kebo mbili kati ya swichi na swichi (vile vifaa vya kuunganisha kompyuta), tangu IEEE 802.3ad ya mwaka 2000, kiwango cha kuunganisha kebo kadhaa zifanye kazi kama moja, mazungumzo mamoja hayavurugwi mpangilio. Na kama laini ni za kampuni mbili kila moja ina IP yake, yaani anwani yake ya intaneti, tovuti ya benki ikikuona leo IP hii dakika ijayo nyingine inakutoa nje. Panga raota ihesabu kwa anwani ya mtumiaji pekee, kila mtu akae na laini yake.

Nusu kwa nusu pia si sawa kama laini hazilingani. Ya Mbps 50 na ya 10, weka uzito 5 kwa 1, yaani ya kwanza ibebe mara tano ya ya pili.

Halafu hii ya "moja ikikufa nyingine inashika". Inashika kama raota inajua imekufa, na taa ya kebo inaweza kuwaka vizuri huku mtandao umekatika mbele huko, kwa hivyo iambie ipige ping (itume ujumbe mdogo na kungoja jibu) kwa anwani ya mbali kupitia kila laini. Na kabla hujalipia ya pili toka nje ufuate nyaya kwa macho, nimeona faiba za kampuni mbili zimening'inia mlingoti mmoja, lori likiugonga zote zinaenda.