Kucheua ni nini?

Kwenye fishi (karatasi ya matibabu) ya mtoto hapa Goma, muganga huandika kwa Kifaransa «régurgitation», na mama akisomewa neno hilo nyumbani hushtuka, akidhani ni ugonjwa. Kwa Kiswahili ni kucheua: kilichokwisha kumezwa kinarudi kinywani chenyewe, bila kichefuchefu na bila tumbo kujikaza. Kutapika ni jambo jingine, maana hapo misuli ya tumbo husukuma kwa nguvu.

Neno la Kifaransa lina mizizi katika Kilatini: «re» ni kurudi, na «gurges» ni maji yenye kina yanayozunguka kwa kasi.

Mtoto mchanga hucheua kwa sababu msuli unaofunga njia kati ya umio (mrija wa chakula kutoka kooni) na tumbo bado haujakomaa. Ananyonya, anawekwa begani, maziwa kidogo yanachuruzika pembeni mwa mdomo mpaka kwenye kitenge cha mama, naye wala halii. Yakiwa na mabonge meupe, ni asidi ya tumboni iliyoanza kuyagandisha. Hali hii huzidi karibu na miezi 4, na watoto wengi huwa wameacha wanapotimiza mwaka. Inaniuma kusikia mama ameshauriwa kumwachisha mwanawe titi kwa ajili ya hilo tu. Lakini mtoto akitapika kijani au damu, maziwa yakiruka kwa nguvu kila anyonyapo, au asipoongezeka uzito, apelekwe kwa muganga bila kungoja.

Ng'ombe wa Masisi, jirani na Goma, hucheua kwa faida yake. Majani aliyoyameza harakaharaka huyarudisha kinywani akiwa amepumzika, akayatafuna upya, na vijidudu vya tumboni vikapata kuyavunja vizuri.

Shuleni neno hilo la Kifaransa hutumika kwa mwanafunzi anayerudisha somo neno kwa neno bila kulielewa.

Waganga wa moyo nao wanalo. Kwao ni damu inayorudi nyuma kwa kuwa vali ya moyo, yaani kilango cha kupitishia damu, haifungi sawasawa. Ikirudi nyingi, mgonjwa huhema akipanda ngazi na miguu huvimba. Sababu mojawapo huanzia utotoni: maumivu ya koo yaletwayo na bakteria, yasipotibiwa, yanaweza kufuatwa na homa inayovimbisha viungo na kuharibu vali, na madhara yake yakaonekana miaka mingi baadaye. Koo la namna hiyo hutibiwa kwa antibiotiki, dozi nzima, hata kama mtoto amekwisha kurudi kucheza.