Mpango wa uaminifu wa hoteli una faida gani kwa msafiri wa mara mojamoja?

Mpango wa uaminifu wa hoteli ni utaratibu ambao kampuni ya hoteli humsajili mgeni kuwa mwanachama, humhesabia pointi kwa fedha anazolipia chumba, kisha humruhusu kuzitumia pointi hizo kulipia usiku mwingine. Kujiunga ni bure. Uaminifu unaotajwa hapa ni ule wa kurudi: mteja ashikamane na nembo moja hata pale ambapo hoteli ya jirani inauza chumba kizuri kama hicho kwa bei nafuu. Maana hiyo isisahaulike, kwa sababu ndiyo inayoonyesha nani hasa ananufaika.

Mipango hii ilianza mwaka 1983 kwa Holiday Inn na Marriott, muda mfupi baada ya mashirika ya ndege ya Marekani kuanza kuwahesabia abiria maili walizosafiri ili kuwapa zawadi. Aliyelengwa alikuwa msafiri wa kikazi, ambaye hulala hotelini makumi ya usiku kwa mwaka huku chumba kikilipiwa na mwajiri na pointi zikibaki kwake mwenyewe. Ngazi za uanachama bado zinaonyesha lengo hilo. Katika Marriott Bonvoy, mpango wa sasa wa Marriott, ngazi ya kwanza juu ya uanachama wa kawaida huhitaji usiku 10 kwa mwaka, inayofuata usiku 25, na ile ambayo mgeni anaweza kupata kifungua kinywa cha bure katika hoteli nyingi huhitaji usiku 50. Anayelala hotelini usiku tatu au nne kwa mwaka hafiki huko, na hana sababu ya kujitaabisha kufika.

Kwake zinabaki pointi, nazo zinahitaji hesabu ya makini. Hoteli nyingi za Marriott hutoa pointi 10 kwa kila dola ya Marekani. Chukulia msafiri anayelala usiku 4 kwa mwaka kwa dola 100 kila usiku: atapata pointi 4,000. Ikiwa chumba anachokitaka kinauzwa kwa pointi 20,000, atangoja miaka mitano, na katika muda huo bei kwa pointi inaweza kupanda, kwa kuwa tangu mwaka 2022 Marriott imeacha jedwali la bei zisizobadilika. Zaidi ya hayo, pointi hufutwa akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli yoyote, kwa hiyo anayesafiri kila baada ya miaka mitatu huenda akaanza upya kila safari. Idadi kubwa ya pointi pia isimdanganye mtu. World of Hyatt, mpango wa hoteli za Hyatt, hutoa pointi 5 tu kwa dola, lakini kila pointi yake kwa kawaida hununua zaidi.

Njia bora ya kupima ni kuigeuza pointi kuwa punguzo la bei. Kama pointi 20,000 zinaokoa chumba cha dola 120, pointi moja ni sawa na senti 0.6, hivyo pointi 10 za kila dola ni punguzo la asilimia 6, tena lisilolipwa leo. Hoteli nyingine yenye hadhi hiyohiyo ikiwa nafuu kwa zaidi ya asilimia hiyo, achukue hiyo nyingine bila kusita. Kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote ni kulipa dola 20 zaidi leo kwa ajili ya pointi zenye thamani ya dola 7 ambazo huenda zisitumike kamwe.

Faida iliyo karibu zaidi na msafiri wa aina hii ni bei ya mwanachama, ambayo hutolewa papo hapo kwa anayeweka nafasi moja kwa moja kwenye tovuti au programu ya hoteli, mara nyingi pamoja na Wi-Fi ya bure. Hoteli huitoa ili kuepuka kamisheni ya mawakala wa mtandaoni, ambayo huweza kufika asilimia 15 au zaidi ya bei ya chumba. Ndiyo sababu pia nafasi zinazowekwa kupitia Booking.com au Expedia kwa kawaida hazihesabiwi pointi za hoteli. Hata hivyo alinganishe jumla ya mwisho, yenye kodi na ada zote, kwa kuwa wakala huweza kuwa nafuu.

Upo mfano wa mpango uliomfaa sana asiyesafiri mara kwa mara: Hotels.com, wakala wa mtandaoni, ilimpa mteja usiku mmoja wa zawadi kwa kila usiku 10, bila kujali ni hoteli zipi. Mwaka 2023, nchini Marekani, mpango huo ulibadilishwa na mwingine uitwao One Key, ambao ulianza kwa kumrudishia mwanachama wa kawaida asilimia 2 ya bei ya hoteli. Mwenye mpango ndiye mwenye masharti, na huyabadilisha anapotaka.

Basi ajiunge, lakini kabla ya kuweka nafasi, na aipe hoteli namba yake ya uanachama wakati uleule. Wanafamilia wanaosafiri kwa nadra wana njia nyingine ya kuzikusanya pointi chache walizonazo: Hilton Honors, mpango wa hoteli za Hilton, humruhusu mwanachama kuunganisha pointi na jamaa au marafiki hadi 10 bila malipo.