Kabla ya kuipigia agave yako dawa, shika moyo wake

Mvua za Aprili zikishatulia, watu huanza kufika kwenye kituo chetu cha ushauri wa mimea wakiwa na jani la agave lililofungwa gazetini. Ncha imekauka, au kuna doa la kahawia katikati, na swali ni lilelile: nipige dawa gani? Jani peke yake halinipi jibu. Kitu cha kwanza ninachouliza ni hali ya moyo wa mmea, yaani ule mkuki wa majani machanga yaliyofungamana katikati. Cha pili ni udongo.

Tuelewane kwanza kuhusu mmea wenyewe. Agave tunayoijua zaidi ni mkonge. Nyumbani Nairobi utakuta pia ile kubwa ya kijivu au yenye mistari ya njano, Agave americana, na ile laini isiyo na miiba, Agave attenuata. Wengi huichanganya na mshubiri, ambao sokoni huitwa alovera. Kata jani uone: la mshubiri lina ute mzito, la agave limejaa nyuzi. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu utomvu wa agave una chembe kali zinazowasha ngozi. Usijipake, usinywe, na ukiikata vaa glavu na miwani. Kuifyeka kwa mashine hurusha utomvu mwilini, na nimeona mikono iliyovimba vibaya kwa sababu hiyo.

Asili yake ni bara la Amerika, hasa sehemu kame za Meksiko. Hufungua vinyweleo vya majani usiku badala ya mchana ili isipoteze maji, na hujiwekea akiba majanini. Mmea wa namna hiyo ukiupeleka Embakasi, South C au sehemu za Lang'ata zenye udongo mweusi unaonata, unakuwa umeuweka ndani ya beseni. Udongo ule ukinyeshewa hushika maji kwa siku nyingi, mizizi ikakosa hewa, kuvu wakaingia. Kule Kabete kwenye udongo mwekundu maji hupita vizuri zaidi, na malalamiko ya kuoza kutoka huko si mengi.

Dalili za kuoza kwa mizizi huanzia chini. Majani ya nje hulegea na kugeuka manjano, kitako chake huwa laini, na ukisukuma mmea hutikisika kama jino bovu. Lakini moyo bado mgumu. Hapo mmea unaokoka. Ung'oe, ukung'ute udongo wote, ukate mizizi myeusi na nyama yote iliyobadilika rangi mpaka ufikie iliyo nyeupe na ngumu. Pangusa kisu kwa spiriti kila baada ya mkato. Kisha uache mmea kivulini, mahali pakavu, kwa wiki nzima hivi, hadi jeraha lifanye kovu kavu. Hatua hii ndiyo watu huiruka, kwa huruma tu: wanaona mmea umelala juu ya zege bila udongo wala maji, wanaurudisha ardhini siku ya pili, nao unaoza tena. Ukiupanda, weka tuta la kimo cha sentimita 30 hivi, nusu udongo na nusu mchanga mnene au kokoto ndogo, na subiri wiki nyingine kabla ya kumwagilia.

Moyo ukiwa umelegea, hapo tatizo ni jingine. Nilialikwa kwenye boma moja Lang'ata kuona Agave americana kubwa iliyoanguka majani yake yote kwa siku chache, huku mkuki wa katikati ukibaki umesimama peke yake.

“Mzee, unaimwagilia mara ngapi?” nilimuuliza mtunza bustani.

“Asubuhi na jioni, daktari. Niliona kiu imeizidi.”

Nilishika ule mkuki na kuuvuta kidogo. Ulitoka mkononi bila kupinga, kama kizibo cha chupa, na harufu iliyofuata ilikuwa ya uji uliochacha siku nyingi. Chini yake shina lilikuwa rojo la kahawia. Ndani ya rojo kulikuwa na viwavi weupe wanene, wasio na miguu, wenye kichwa cha kahawia, na vifuko vilivyosokotwa kwa nyuzi za mmea wenyewe. Kando kabisa, kwenye kitako cha jani, mdudu mzima: mweusi, mgumu, urefu wake kama sentimita moja na nusu, mdomo umepinda mbele kama mkonga. Huyo ndiye fukusi wa mkonge, Scyphophorus acupunctatus. Jike hutoboa kitako cha jani na kutaga mle, na kwa tundu hilo bakteria na kuvu huingia. Viwavi hula, vijidudu huozesha. Hupenda hasa mimea mikubwa inayokaribia kuchanua, wakati sukari imejaa shinani.

Mzee yule hakuwa na kosa. Mmea uliotobolewa shina huonekana na kiu kweli, kwa sababu maji hayapandi tena.

Agave iliyofika hapo haina dawa. Ing'oe yote pamoja na udongo wa shinani, uichome, au uifunge vizuri kabla ya kuitupa. Usiirundike kwenye mboji, kwani viwavi watamalizia kukua humo. Usipande agave nyingine shimo lile kwa msimu au miwili, na uzikague zilizo jirani kila wiki. Vichipukizi vilivyo mbali kidogo na mama vinaweza kuokolewa, mradi uvikague kitako kimoja kimoja. Kichipukizi chenye tundu au doa laini kitupe.

Kuna dawa za kumwagilia shinani ambazo mmea huzifyonza, kama imidaklopridi. Zinafanya kazi kabla fukusi hajaingia, si baada. Mimi sizipendekezi kwa mtu mwenye agave mbili tatu uani. Dawa hiyo inaua nyuki, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018 kwa sababu hiyo. Kwenye mmea unaoanza kutoa mlingoti, ule mti mrefu wa maua, usiiweke kabisa, maana maua yake nyuki huyafuata. Na dawa yoyote unayonunua agroveti iwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti viuatilifu, kwenye kibandiko, isiwe imepimwa ndani ya chupa ya soda.

Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, huleta chule: madoa yaliyobonyea, yenye duara ndani ya duara, wakati mwingine na unga wa rangi ya chungwa. Kata jani lenye doa, mwagilia chini badala ya juu, tenganisha mimea ipate hewa. Dawa za shaba, zile wakulima wa kahawa wamezizoea, huzuia doa jipya lakini haziponyi la zamani. Vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba kwenye vikwapa vya majani, vipanguse kwa kitambaa chenye spiriti.

Mabaka meupe yanayotokea wiki ile umenunua mmea kando ya barabara si ugonjwa. Ulikuzwa chini ya neti ukawekwa ghafla juani, na jua la mwinuko wa mita 1,700 huunguza. Baka halitafutika, majani mapya yatakuja safi. Wakati ujao uzoeshe kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Na agave ikitoa mlingoti kisha ikakauka, usitafute mchawi wala dawa. Agave nyingi huchanua mara moja tu katika maisha yao, baada ya miaka mingi, kisha hufa. Chukua miche midogo iliyoota kwenye mlingoti au pembeni mwa shina.

Ukija kutuona, usilete jani peke yake. Piga picha ya mmea mzima, ya moyo na ya kitako, na utuambie lini ulimwagilia mara ya mwisho. Ukimkuta mdudu, mlete ndani ya chupa iliyofungwa vizuri.