Kabla hujalipia programu ya kutengeneza profoma na mikataba, soma hapa kwanza

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya ofisi kwa biashara ndogondogo hapa Dar, na simu ninayopigiwa sana inaanza hivihivi: "kaka nataka softiwea ya kutoa profoma (ile karatasi ya bei anayopewa mteja kabla ya kazi), ipi nzuri?" Na mi huwa nauliza swali moja ambalo linaudhi watu: majina ya wateja wako na bei zako vinakaa wapi? Hapo kunakuwa kimya, afu naambiwa "zipo tu", maana yake nusu zipo WhatsApp, nusu kwenye kaunta buku, na zilizobaki ziko kichwani kwa dada wa mapokezi ambaye wiki hii kaenda kwao msibani.

Kuna fundi mmoja wa madirisha ya alumini, Tabata. Yeye alikuwa anafungua profoma ya zamani, anaisevu kwa jina jipya, anafuta mteja wa kwanza anaweka wa pili, kama tunavyofanya wote. Siku hiyo akaipelekea shule profoma, juu jina la shule limekaa vizuri kabisa, kumbe chini kwenye masharti ya malipo limebaki jina la lodge fulani pamoja na advansi ya asilimia 30 aliyompa yule wa lodge, wakati shule alikuwa anaitaka asilimia 60. Mwenye shule kaisoma mpaka mwisho (wapo watu wa hivyo!) akasema na mimi nipe hiyohiyo ya 30. Kazi ikaanza kwa hela ya mkopo.

Sasa alivyonipigia alishaona tangazo la programu ya kulipia kwa dola na anataka kuingiza kadi usiku huohuo. Nikamwambia boss tulia kwanza. Hizi programu zote, za bure na za bei mbaya, zinafanya kitu kimoja tu: kuna templeti, yaani karatasi ya mfano yenye matundu ya kujazwa, kuna jedwali la taarifa, programu inachukua huku inajaza kule. Jedwali likiwa bovu utapata makaratasi mabovu ila kwa haraka zaidi.

Kwahiyo tulianza na jedwali. Mstari mmoja mteja mmoja, kolamu ya jina, TIN (namba ya mlipakodi), simu, asilimia ya advansi. Namba za simu zifanye ziwe maandishi, usipofanya hivyo Excel inakula ile sifuri ya mbele, 0712 inakuwa 712. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nayo ipigwe hesabu kwenye jedwali, usiiandike kwa mkono kwenye templeti, na kama hujasajiliwa VAT ule mstari wa asilimia 18 utoe kabisa, maana nimeona watu wamekopi templeti ya jirani na VAT yake ndani, wanamtoza mteja kodi ambayo wao wenyewe hawaruhusiwi kuitoza.

Kama unachotoa ni barua, mikataba ya ajira, mikataba ya kupangisha vyumba, yaani karatasi ambayo mtu mmoja anajaza mstari mmoja, basi Mail Merge ya Word, ile sehemu inayojaza templeti kutoka kwenye jedwali, inakutosha na umeshailipia, au LibreOffice ambayo ni bure. Ina vituko viwili tu. Hela inatoka 1500000 bila koma, na tarehe inageuka ya Kimarekani, tarehe 5 mwezi wa 3 inasomeka 3/5. Kwenye Word bonyeza Alt na F9 utaona maandishi ya amri yaliyo ndani ya yale matundu, kwenye tundu la hela ongeza \# "#,##0", kwenye la tarehe ongeza \@ "dd/MM/yyyy", na hizo M ziwe kubwa kwasababu m ndogo kwa Word ni dakika. Hilo jambo dogo limeshanilipa nauli mara nyingi.

Mail Merge inapogomea ni kwenye orodha. Profoma ya madirisha ina mistari mitatu leo, kesho ina arobaini, na yenyewe imezoea mstari mmoja karatasi moja. Ukifika hapo ndo unahitaji programu yenyewe hasa, inayoweza kurudia mstari wa jedwali kadiri ya bidhaa zilizopo. Kwahiyo ukiwa kwenye majaribio ya bure usiwape ile templeti yao nzuri yenye maua, wape karatasi yako mbaya kuliko zote: mistari 40, jina la mteja refu, maelezo yanayomwagika mpaka ukurasa wa pili, uone kama jumla inabaki chini au inakatika peke yake ukurasa wa tatu. Na jaribu kuiambia programu iandike kiasi kwa maneno. Nyingi nilizojaribu zinaandika Kiingereza tu, "laki" hazijawahi kuisikia.

Bei nayo ipigie hesabu ya mwaka. Tuseme dola 20 kwa kichwa kwa mwezi, watu watatu, hiyo ni dola 720 kwa mwaka na shilingi ikiyumba unayumba nayo. Uliza pia siku nikiacha kulipa natokaje: templeti zangu nazipata kwa docx, faili la Word? Wateja wangu kwa CSV, faili la jedwali linalofunguka popote? Sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5, sasa kama zipo kwa mtu aliyekufungia akaunti, utamwambia nini afisa?

Halafu jamani, invoisi yako hata iwe inang'aa vipi sio risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za mamlaka ya mapato, TRA. Muuzaji akikwambia programu yake "inamaliza mambo ya TRA", muulize kama imeunganishwa na mfumo wa risiti za TRA au inachora tu kitu kinachofanana na risiti. Wengi wanachora.

Yule wa Tabata tumemwekea Google Sheets (jedwali la mtandaoni) na skripti, yaani programu ndogo, inayojaza templeti na kutoa PDF, namba ya profoma inajipanda yenyewe ili wawili wasitumie namba moja, na yale masharti ya malipo yanavutwa kutoka kwenye mstari wa mteja, hakuna mtu anayeyagusa kwa mkono. Hajalipia hata dola moja. Juzi kanipigia saa nne usiku nikajua mfumo umekufa, kumbe anataka logo iwe kubwa zaidi.